Steringi Aliyerudi Kwenye Chenga

Tangu asubuhi ya Jumapili ile, kinyozi alikuwa akiiombea mabaya televisheni ya nyumbani kwake. Aliomba umeme ukatike. Umeme ulipokaidi, alijipenyeza nyuma ya kabati kana kwamba anatafuta kiatu, akachomoa waya mmoja mwembamba. Binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo, aliuona ukining'inia, akauchomeka tena.

"Baba, waya ulikuwa umechomoka."

"Vitu vya siku hizi havishiki," alisema kinyozi. "Kwa nini tusiiache mpaka wiki ijayo?"

"Mama ameingoja filamu hii tangu sijazaliwa. Tumwongezee wiki?"

Hofu yake ilikuwa na historia. Katika miaka ya themanini, kabla hajashika mashine ya kunyolea, yeye ndiye aliyekuwa sauti ya banda la video la mtaani. Filamu zilikuja kwa lugha za mbali, naye aliketi kando ya skrini na kipaza sauti, akawasemea wote: shujaa aliyeitwa steringi, adui, mama mkwe, hata farasi. Lugha zenyewe hakuijua hata moja. Alitazama midomo, akatazama nyuso, akaamua. Mtaa ulimbandika jina la Redio, nalo likamganda.

Filamu iliyompa sifa kuliko zote ilikuwa ya steringi mwenye pikipiki nyekundu. Watoto walitoka bandani mbio wakaiunda pikipiki hiyo kwa waya, na magurudumu wakayakata kwenye ndala zilizochakaa. Wengine walikata hata zilizo nzima, wakachapwa, wakakata nyingine. Uwanjani walisema maneno ya Redio yaleyale, na kila siku ugomvi ulizuka, kwani hakuna aliyekubali kuwa adui: Redio alikuwa amempa adui sauti ya mbuzi.

Lakini mkanda huo ulikuwa na ulemavu. Ilikuwa haijapita wiki deki ya video ikautafuna, na kipande cha mwisho kikabaki chenga tupu, weupe unaotetemeka na kuvuma kama mvua juu ya bati. Steringi alipanda pikipiki, akamwacha mchumba wake dirishani, kisha zikaja chenga. Watu wakaanza miluzi. Redio, akihofia mabenchi yasimrukie kichwani, akakaza sauti: "Tulieni! Hamuioni mvua hiyo? Hamsikii pikipiki? Anarudi!" Papo hapo, ndani ya chenga, akamrudisha steringi, akamfikisha mlangoni akiwa ameloa chapachapa, na mchumba akamfungulia. Banda zima lililia kwa furaha. Tangu siku hiyo, mwisho ukawa huo.

Kwenye benchi la mbele aliketi msichana aliyekuwa akijifunza ushonaji. Baadaye akawa mchumba wa Redio. Na Redio alipokwenda mbali kutafuta kazi, akapotea bila habari, msichana huyo aliwakataa wachumba wengine, akamngoja hadi aliporudi. Sasa alikuwa mkewe, fundi cherehani mwenye wateja hadi barazani, na wasichana wote aliowafundisha kushona alikuwa amewasimulia mwisho wa filamu ile. Binti alikuwa ameipata nzima, safi, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Aliileta kama zawadi kwa mama yake. Jasho la kinyozi lilitokana na jambo moja tu: mkewe alikuwa amemngoja kwa kutegemea kipande ambacho hakikuwahi kuonekana.

Filamu ikaanza. Shangazi, dada yake kinyozi, ambaye naye alikuwa mteja wa banda enzi hizo, alijitandaza kwenye kochi.

"Mbona adui ana sauti ya mtu?" akauliza. "Wamemharibu!"

"Nyamaza, wifi, tusome," alisema fundi cherehani, akiwa amevaa miwani yake ya kutungia uzi.

Kipande cha dirishani kikaja. Steringi akapanda pikipiki. Barabara ikammeza, mchumba akafunga pazia, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Bado," alisema fundi cherehani. "Kuna kipande cha mvua."

Majina yakaisha. Skrini ikawa nyeusi.

"Mwanangu, umekikata."

"Sijakata kitu, mama. Huo ndio mwisho."

"Mwisho gani! Nilimwona kwa macho yangu! Alikuwa na koti la kijani."

"La kijani wapi, wifi? La kahawia," alisema shangazi. "Lakini kurudi, alirudi."

Wakamgeukia kinyozi. Alikuwa akichunguza kucha zake kwa bidii kubwa.

"Zilikuwa chenga," alisema. "Hakukuwa na koti. Mkanda ulitafunwa, nikajaziliza."

Shangazi alipasuka kwa kicheko, kisha akaona uso wa wifi yake, akakimeza.

"Kwa hiyo hakurudi," alisema fundi cherehani polepole. "Mimi nakaa na cherehani yangu, watu wananiambia olewa, huyo hana habari nawe. Nawajibu, mbona yule alirudi. Kumbe yule hakurudi!"

"Lakini mimi nilirudi."

"Sikuulizi wewe! Namuuliza yule!" Akavua miwani. "Simama. Maliza filamu yangu."

"Chenga ziko wapi, mama watoto?"

Binti akabonyeza hapa na pale. Televisheni ikaonyesha buluu tupu, tulivu, isiyo na hata tone la mvua. Kinyozi akasimama kando yake. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini mkono ulikumbuka wenyewe kushika kipaza sauti kisichokuwapo.

"Tulieni," akaanza. "Hamsikii pikipiki? Anarudi. Anashuka. Anabisha hodi. Naye mchumba kwa furaha anakimbia na kufung..."

"Hafungui," alisema fundi cherehani. "Huyo namsemea mimi."

Kinyozi akashusha mkono. Tangu aanze kazi ile hakuna mhusika aliyewahi kumjibu.

"Mchumba anauliza, yuko nyuma ya mlango: mbona hukuleta hata salamu?"

"Steringi anasema..." Kinyozi aliikodolea macho buluu ile; haikumsaidia. "Anasema kazi aliyoifuata kwa majigambo hakuipata. Alikuwa akiosha magari ya watu. Aliona aibu, akasema atatuma salamu akishapata kazi ya kuitaja."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Na angeikosa kabisa?"

"Angerudi hivyohivyo. Alichelewa kulijua."

Fundi cherehani aliifuta miwani kwa upindo wa kanga, akaivaa, akaitazama televisheni kama mtu anayepima kitambaa.

"Bado yuko nje?"

"Yuko nje."

"Mvua inanyesha?"

"Kubwa."

"Basi aendelee kunyeshewa kidogo," alisema, akasogea pembeni ya kochi, na mahali pakabaki wazi kando yake. "Nikiwa tayari nitamfungulia."

"Redio, pandisha sauti!" alipiga kelele shangazi. "Sisi wa nyuma hatusikii!"