Jino la Bawaba

Bawaba alikuwa anakata bomba la chuma la geti la mtu pale jiliwa lililolibana lilipoachia. Bomba liliruka, likampiga taya la kushoto, na kipande cha gego kikamtoka mdomoni, kikadondoka kwenye vumbi la chuma. Alikiokota, akakipuliza, akakitia katika mfuko wa shati pamoja na chaki na penseli, kisha akaendelea kukata, kwa sababu mwenye geti alikuwa amesimama pale pale akitazama saa yake.

Jina la Bawaba alipewa na mafundi wenzake. Mlango alioutundika yeye haukulia hata siku moja. Ukiusukuma ulikwenda, ukiuvuta ulirudi, kimya kama paka.

Jioni alikula supu kwa upande mmoja wa mdomo. Dada yake, mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa akiishi naye tangu mama yao afariki, alisimamisha cherehani akamtazama.

"Linauma?"

"Si sana, dada. Linagonga tu."

Ko, ko, ko.

"Karibu," dada akaitikia, akaenda kufungua. Nje hapakuwa na mtu. Mama yao aliwalea kwa amri ambayo haikuwa na mjadala: mtu akigonga aitikiwe kwanza, mengine baadaye, hata kama ni yule mliyenuniana naye tangu mwaka jana.

"Usihangaike," Bawaba alisema, akagusa shavu. "Ni hili hapa."

Dada aliinama, akaweka sikio karibu na taya la mdogo wake. Ni kweli, lilikuwa hilo. Liligonga kama mtu mwenye adabu: mara tatu, kimya kidogo, mara tatu tena. Alipoliitikia "karibu", lilitulia kwa muda, kama mgeni anayevua viatu kibarazani. Baadaye likaanza upya.

Usiku ule wapangaji wote walifungua milango yao, mmoja baada ya mwingine, wakachungulia, wakafunga. Asubuhi mwenye nyumba alikuja akiwa na mswaki mdomoni.

"Bawaba, hilo jino lako limenitoa kitandani. Nimefungua mlango nikiwa na taulo tu."

"Samahani, baba."

"Usiombe samahani. Lina tabia njema kuliko wageni wa mke wangu, wao huingia tu bila kugonga." Alitema povu kwenye mtaro. "Lakini lipeleke hospitali. Likigonga namna hiyo, kuna jambo linataka."

Walikwenda. Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa ukumbi, baada ya maabara, na mlango wake ulikuwa wa chuma. Bawaba aliufahamu kabla hawajaufikia. Aliutengeneza yeye mwenyewe, enzi zile wezi walipoiba kiti cha kung'olea meno wakakigeuza kiti cha kinyozi. Hospitali iliagiza mlango ambao hautaingilika, naye akawapa: bati nene la pande mbili, katikati mbao, kitasa cha ndani tu. Sauti ya mtu wa nje haikuingia, ya ndani tu ndiyo ilitoka. Waliokuwa nje walijifunza kwamba kuita ni kujichosha.

Jino halikuita. Lilijua mlango. Mara tu Bawaba alipokaa kwenye benchi, bati likaanza kulia, ko, ko, ko, ingawa hakuna aliyekuwa amelisogelea.

"Subiri!" sauti ikatoka ndani.

Jino likagonga kwa nguvu zaidi. Dada aliona mkono wa mdogo wake ukilikamata benchi.

Mlango ukafunguka kiasi cha kupita uso. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho ya mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi.

"Nani anagonga?"

"Ni jino, sista," dada alisema.

"La nani?"

"La mdogo wangu. Limevunjika kazini."

Muuguzi akamtazama Bawaba, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Limevimba. Jino lenye uvimbe haling'olewi, ganzi haishiki. Ameze dawa, uvimbe ushuke, halafu mrudi."

"Lakini si hii ni dharura?"

"Dharura ni damu, mama. Unaona damu hapa?" Halafu akaligeukia shavu, akasema nalo bila hasira, kama anavyosema mtu na mtoto wa jirani: "Na wewe usigonge. Kuna utaratibu."

Bawaba alimeza dawa. Uvimbe ulishuka, na jino likapunguza sauti hadi ikawa kama ukucha unaogusa meza. Dada aliliitikia huku akishona, karibu, karibu, mguu ukiwa kwenye cherehani, mpaka wateja wake wakadhani anawakaribisha wao, wakakaa. Walirudi hospitali wakiwa na matumaini. Bawaba alikuwa amenyoa, na amevaa shati lililopigwa pasi.

Muuguzi alitoa uso, akamshika kidevu tena.

"Hakuna uvimbe."

"Ndiyo, sista. Umeshuka, kama ulivyosema."

"Basi si dharura. Wagonjwa wa kawaida wanapangiwa siku."

Dada akausogelea mlango. "Sista, alipovimba ulisema asing'olewe kwa sababu amevimba. Sasa hajavimba."

"Ndiyo maana nasema apangiwe."

"Apangiwe lini?"

"Daktari akirudi. Yuko semina."

"Semina ya nini?"

Muuguzi alishika kitasa. "Ya huduma za dharura," alisema.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi, kitambaa kimefungwa toka kidevuni hadi utosini kama zawadi, alicheka kwa pua kwa sababu mdomo haukumruhusu.

"Mama, usinitazame hivyo," muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Mimi si daktari. Mimi ni wa mlango tu." Akaufunga. Haukulia.

Wakiwa njiani kurudi, Bawaba alisema, "Umeona lakini? Haulii hata kidogo. Miaka yote hii."

"Nyamaza, usiongee, upepo utaingia kwenye jino," dada alimjibu, kwa kuwa alitaka kulia na njia ilikuwa imejaa watu.

Uvimbe ulirudi, na safari hii haukukaa shavuni. Ulishuka chini ya kidevu, ukazunguka shingo, ukawa mgumu kama mkate wa juzi. Mdomo wa Bawaba ulifungika. Hata kijiko hakikupita. Mate yalimshinda kumeza, akawa anayafuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. Sauti yake ikapotea. Hilo halikuwasumbua sana, maana jino lilijibu badala yake.

"Unataka maji?"

Ko, ko. Hapana.

"Twende hospitali?"

Ko. Ndiyo.

Mwenye nyumba aliwapeleka kwa gari lake, akiwasha taa za tahadhari njia nzima. Hakuwa na mzaha siku hiyo. Alisema tu, kabla hawajashuka, "Likigonga kwao mpaka wachoke, watafungua. Mtu yeyote hufungua."

Benchi lilikuwa limejaa. Watu walijibana, wakampa Bawaba nafasi ya mwisho, karibu kabisa na mlango alioutengeneza. Mzee wa kitambaa alikuwepo bado. Kitambaa kilikuwa kingine. Bawaba alikaa wima kwa sababu akijiegemeza pumzi ilikwama. Jino likaanza kazi. Halikuwa tena na adabu. Liligonga kwa ngumi, liligonga kwa teke. Bati zima lilitetemeka, na vumbi la rangi likawa linadondoka toka kwenye fremu. Katika maabara ya jirani walihamisha vichupa vyao kwenye rafu nyingine.

"Subiri!"

Dada alisimama, akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Sista! Fungua! Mtu hawezi kumeza!"

Uso ukatokea. Nyuma yake, ndani, dada aliona kiti kipya cha meno, tupu, kimefunikwa nailoni, na daktari kijana amekaa dirishani, amerudi kutoka semina, beji ya semina bado ikining'inia shingoni.

"Afungue mdomo, nimwone," muuguzi alisema.

"Hawezi. Ndicho ninachokwambia."

"Asiyeweza kufungua mdomo hatuwezi kumchunguza. Hawa ni wa wodi ya upasuaji."

"Tumeanzia huko, upasuaji wametuambia jino ni la kwenu!"

Muuguzi akageuka ndani. "Daktari, wako tena wale wa jino."

"Wasubiri kidogo," daktari alisema. "Kiti hakijazinduliwa."

"Kiti hakijazinduliwa," muuguzi alimrudishia dada, kama vile huyo hakusikia mwenyewe. Alipouvuta mlango, dada aliweka mguu. Walitazamana.

"Sema 'karibu' tu," dada alisema. "Hata kama hufungui. Likiitikiwa linatulia, na yeye anapata pumzi. Mimi nimelisemea sana, halinisikii tena. Mlango si wangu. Sema wewe."

Muuguzi alifikiri. Ilionekana wazi kwamba alifikiri. "Mama, nikisema karibu kwa jino moja, meno yote ya benchi hili yataanza kugonga. Nitafanya nini peke yangu?"

Dada akatoa mguu. Baadaye, kwa muda mrefu sana, alijiuliza kwa nini aliutoa, na jibu pekee alilopata ni kwamba alilelewa hivyo: mtu halazimishi mlango wa mwenzake.

Aliketi, akamkumbatia mdogo wake begani. Ko, ko, ko, kwenye bati. "Subiri!" Ko, ko, ko. "Nimesema subiri!" Jua la dirisha la ukumbi lilitoka miguuni pao likapanda ukutani. Mzee wa kitambaa aliutoa mkono wake mfukoni, akaushika wa Bawaba, akakaa nao hivyo hivyo. Mara moja Bawaba alimtazama dada yake, akanyoosha kidole kwenye bawaba za mlango, zile mbili nzito za juu, akamwonyesha kidole gumba. Ni kazi nzuri. Hazijalegea.

Kisha jino likanyamaza.

Ukimya ulifika ndani upesi kuliko kelele. Mlango ukafunguka, ukafunguka wote mpaka ukagusa ukuta, bila kulia. Muuguzi alisimama akifuta mikono, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Haya. Nani alikuwa anagonga? Karibu, aingie."

Watu wa benchi walitazama viatu vyao.

Bawaba alizikwa na jino lake, maana hakuna aliyekuwa amelitoa. Kipande kilichovunjika dada alikikuta katika mfuko wa shati, katikati ya chaki na penseli, akakiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Kipande hicho hakigongi.

Kinachogonga ni ule mlango. Ulianza siku iliyofuata maziko, wakati kiti kilipokuwa kinazinduliwa. Mgeni rasmi alikatiza hotuba, akageuka, akasema "Karibuni," na kwa dakika chache pakawa na utulivu, wakapiga picha. Alipoondoka uliendelea. Hospitali ilimwita fundi mwingine. Alizikagua bawaba, akasema mlango hauna kosa, hajapata kuona kazi kama ile, na kama shida yao ni kelele basi waufunike. Wakaufunika kwa sponji ya godoro, pande zote mbili, wakapigilia na misumari ya vichwa vipana. Juu ya sponji wakabandika tangazo: USIGONGE. SUBIRI UITWE.

Dada hupita huko akipeleka sare katika shule iliyo nyuma ya hospitali. Huingia, hukaa mwisho wa benchi. Wagonjwa ni wengine sasa, ila mashavu yao hayana tofauti. Mzee wa kitambaa haonekani. Waliokuwepo wanasema alipangiwa siku.

"Nani huyo anagonga?" mgonjwa mgeni huuliza, maana hata ndani ya sponji husikika, sauti nzito, kama moyo wa mtu aliyejifunika blanketi.

"Mdogo wangu," dada husema.

"Aa. Pole," husema mgeni, na hujisogeza kidogo ili kuwe na nafasi.

"Subiri!" muuguzi huitika toka ndani. Amezoea, hata hainui tena kichwa.

Dada husogeza mdomo kwenye sponji. "Karibu, mdogo wangu," husema polepole. "Karibu." Kugonga hukatika, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi. Halafu huanza tena, kwa adabu, mara tatu, kwa kuwa aliyeitikia naye yuko nje.