Kitambaa Chekundu kwenye Bomba

Siku Spana alipofunga hita mpya kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya dada yake, aliisifia kama mshenga anayesifia bwana harusi. Haina tangi hii, alisema, haitaki kungojewa. Unafungua bomba, inajiwasha yenyewe kwa gesi, na maji yanatoka ya moto papo hapo. Dada yake alimsikiliza huku pini ziko mdomoni. Mtaa mzima ulimwita Mapazia, kwa sababu kushona mapazia ndiko kulikomjengea nyumba ile, chumba baada ya chumba, kuanzia msingi mpaka bati. Hita hakuitaka kwa ajili yake. Aliitaka kwa ajili ya Mama, ambaye alikuwa amehamia kwake na vidole vilivyokakamaa kiasi kwamba asubuhi hawezi kufunga kifungo mpaka avimwagie maji ya moto.

Kasoro ilikuwa moja, na Spana aliieleza mwenyewe, kwa sababu ni fundi bomba mzuri na hilo hakuna wa kumnyima. Hita ile ilikuwa na pumzi ya bomba moja. Ukifungua la pili wakati mtu anaoga, maji ya moto yanakimbilia bomba lililo karibu, na yule aliye bafuni, mwisho wa mabomba, anabaki na baridi mgongoni. Kwa hiyo Spana akaweka sheria. Anayekwenda kuoga lazima kwanza afunge kitambaa chekundu kwenye bomba la jikoni, na kitambaa kikiwa pale hakuna kugusa maji. Mapazia alikata kipande kutoka kwenye masalio ya mapazia ya hoteli. Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba, mama na mwana, lakini sheria ile waliiheshimu kuliko watu wanavyoheshimu taa za barabarani.

Miezi ya mwanzo Mama alikuwa akitoka bafuni anaimba. Alimwombea dua mwanawe wa kiume mpaka Mapazia akaanza kuona kijiwivu, maana hita alinunua yeye, na Spana alileta spana tu. Lakini ndivyo walivyo akina mama na vitinda mimba vyao, akayameza.

Kisha Mapazia akasafiri kidogo kwenda kutundika mapazia ya ukumbi mmoja, na Spana akaja kukaa na Mama. Aliporudi aliona plasta mbichi ukutani nyuma ya hita. Spana akasema palikuwa na unyevunyevu, amepaziba. Mapazia alimshukuru, akamkaangia na mayai.

Haikupita wiki, Mama akatoka bafuni anatetemeka, sabuni bado masikioni. Alisema maji yamemgeuka katikati. Mapazia akaenda jikoni kutazama, akakuta kitambaa chekundu kimefungwa na bomba limekauka kabisa. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Mama akaanza kusema kuna mtu anafungua maji.

"Mtu gani, Mama? Tuko wawili, na mimi nilikuwa kwenye cherehani. Umenisikia."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nasema kuna mtu mwingine humu ndani."

Neno hilo lilimwingia Mapazia kama pini. Alimpigia mdogo wake, na Spana akaja Jumapili, siku yake ya kuja kila wiki. Aliifungua hita, akaipuliza vumbi, akaifunga. Mama akaoga. Maji yakatoka ya moto kuanzia tone la kwanza mpaka la mwisho. "Unaona, Mama?" Spana alisema kwa upole. "Mbona leo hayakugeuka?" Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine tena. Akiwapo Spana, maji yanakuwa mapole. Akiondoka, Mama anaoga nusu moto, nusu barafu. Mama mwenyewe alianza kujitilia shaka. Alikuwa akisimama mbele ya bomba la jikoni, anakishika kitambaa, anakiachia, anakishika tena kuhakikisha kipo.

Halafu gesi. Mtungi uliokuwa ukikaa muda mrefu ukawa unaisha upesi. Spana alimvuta dada yake pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini ya mtu anayeficha msiba kwamba Mama anasahau bomba wazi. Wazee ndivyo wanavyoanza, alisema. Wanaacha maji wazi, kisha wanaona watu ambao hawapo. Siku hiyo alimkalisha Mama kwenye kochi, akamshika mikono yake iliyopinda, akamuuliza leo ni siku gani. Akamuuliza majina ya wajukuu, watoto wa dada yao mkubwa, mmoja mmoja. Mama alijibu yote, ila jina moja lilimchelewa kidogo ulimini, na Spana akamtazama dada yake kwa jicho la kusema si nilikwambia. Mama aliliona jicho lile. Jioni hakula.

Tangu hapo mambo yalikwenda kama gari lililokatika breki. Spana alipanga siku ya kumpeleka Mama kwa daktari wa akili, na kama daktari angesema Mama haaminiki kukaa peke yake, kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee nje ya mji, safi, yenye wauguzi. Tayari alikuwa amekwenda kuitazama. Mapazia alilia, lakini hakukataa. Cherehani ilimtaka mchana kutwa na hakuweza kusimama mlangoni mwa bafu kama askari. Mama hakubishana. Alimwomba binti yake jambo moja tu, kwamba wakimpeleka huko wampe chumba chenye dirisha, na hicho kitambaa chekundu wamwachie.

Siku ya daktari ilikuwa siku ya kazi. Spana angekuja na gari kuwachukua. Mapazia alijitazama kwenye kioo akaona nywele zimesimama kila moja na safari yake, akahofia daktari akimwona hivyo atadhani wazimu ni wa ukoo mzima. Kwa kawaida alijisuka mwenyewe, lakini asubuhi hiyo mikono ilikuwa haitulii. Alimwacha Mama akitafuta taulo, akazunguka kona na kuingia kwenye saluni mpya iliyokuwa upande wa pili wa ukuta wake. Hakuwahi kuikanyaga. Msusi alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye tabasamu la kumkopesha mtu.

Alimlaza Mapazia shingo kwenye sinki na kufungua bomba. Maji yakatoka ya moto, mazuri, yakamteremkia kisogoni. Na hapohapo, nyuma ya ukuta, Mapazia akasikia tak, tak, tak, kisha vuuu, na mwishoni kijimluzi chembamba.

Kila mtu anaijua sauti ya mlango wake. Mapazia alikijua kijimluzi kile, kwa sababu tangu siku ya kwanza alimlalamikia Spana na Spana akamwambia ndiyo pumzi ya mashine. Alijiambia labda ni Mama ameanza kuoga. Msusi akafunga bomba ili atie sabuni, na mluzi ukakatika. Msusi alikuwa akimsimulia habari za mchumba wake, mwanamume mwenye moyo, aliyemvutia maji ya moto kutoka kwenye nyumba yake mwenyewe, hapo nyuma, ambamo amewahifadhi mama yake na dada yake asiyeolewa.

"Ni fundi," msusi alisema. "Wanamwita Spana. Unamjua?"

Nyuma ya ukuta tak, tak, tak ilianza tena, na safari hii hakuna mtu aliyegusa bomba la saluni. Ni Mama. Mama alikuwa amefunga kitambaa chake, ameingia bafuni, anajitayarisha kupelekwa kupimwa wazimu. Na msusi, bila ubaya wowote, akanyoosha mkono kusuuza povu.

Maji ya moto yalimwagika kichwani mwa Mapazia. Kupitia dirisha dogo la bafu, hatua chache tu kutoka pale, ilikuja sauti ya Mama. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kuuliza jambo lilelile. "Nani kafungua maji?"

Mapazia alilirukia bomba kwa mikono miwili na kulifunga. Kisha akatoka mbio na povu likimtiririka mashavuni, msusi nyuma yake na taulo mkononi akidhani amemuunguza.

Jikoni kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa vizuri, fundo juu ya fundo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha bafuni, amejifunika taulo, vidole vimemkunjamana kama alivyoamka navyo. Alipomwona binti yake na povu kichwani, alishtuka. Mapazia alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akamwambia kuna bomba limepitishwa ukutani mpaka saluni, kwamba mtu mwingine yupo kweli, alikuwepo siku zote, na Jumapili hayupo kwa sababu Jumapili saluni inafungwa. Aliona aibu kumwambia ni nani aliyelipitisha. Hakuhitaji. Mama aliyatazama maji yakiingia kwenye tundu la sakafu, na Mapazia akajua ameshapiga hesabu mwenyewe.

"Kwa hiyo sijarukwa na akili," Mama alisema.

"Hujarukwa na akili, Mama. Nisamehe."

Damu ni nzito kuliko maji, watu husema, na Mapazia alikuwa ameuamini usemi huo maisha yake yote. Alimlisha mvulana yule kwa sindano. Spana yake ya kwanza alimnunulia yeye. Laiti angemwibia gesi tu, wangegombana wakasameheana, maana nani hajaibiwa na ndugu yake. Lakini alimkalisha mama yake kwenye kochi, akamshika mikono ileile iliyokuwa ikimwombea dua, akamuuliza leo ni siku gani, ilhali jibu la maswali yote amelichimbia ukutani kwa plasta. Alikuwa radhi kumzika Mama mzima ili mchumba aendelee kumwona ni mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo aliishona mwenyewe.

Honi ililia nje. Spana aliingia amevaa shati la kupiga pasi, anachezesha funguo za gari la kuazima, tayari kwa daktari. Alimwona dada yake na povu lililokaukia kichwani. Kisha akamwona msusi amesimama kwenye mlango wa jikoni na taulo lake, na funguo zikaacha kulia.

Msusi ndiye aliyeanza. Aliuliza kwa utulivu kama hii ndiyo nyumba yake, na huyu ndiye dada aliyehifadhiwa. Spana alisema ataeleza. Alisema ilikuwa ya muda tu, kwamba alinuia kufunga hita nyingine saluni mambo yakikaa sawa, kwamba hakujua Mama angeumia kiasi hicho. Maneno yalimtoka mengi, na kila moja lilimkanyaga mwenzake. Msusi aliliweka taulo juu ya meza, akatoka bila kuaga, na baada ya muda wakasikia upande wa pili wa ukuta valvu ikikazwa mpaka mwisho.

Mama alitoka bafuni akijishikilia ukutani. Spana alikwenda kumpa mkono, na Mama hakuupokea. Alikuwa na swali, na alilitoa polepole ili asilazimike kulirudia.

"Siku ile uliponiuliza majina ya wajukuu. Ulikuwa unajua?"

Spana alitazama chini. Mapazia alingoja aseme hapana, hata kwa uongo, maana uongo mmoja zaidi usingeharibu kitu. Hakusema. Akapiga magoti pale jikoni na shati lake la pasi, akalishika pindo la taulo la Mama. "Mama, nisamehe. Ni mimi, mwanao."

Mama alimtazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa safi, hayana ukungu wala chozi, na Mapazia aliyekuwa kando aliyaona vizuri.

"Kichwa changu kimeharibika, baba," Mama alisema. "Si ulisema mwenyewe? Mtoto wa kiume sikumbuki kama ninaye."

Spana alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja mwenzake acheke naye. Mama hakucheka. Alichukua pindo lake la taulo kutoka mkononi mwa Spana, taratibu, kidole kwa kidole, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa bado havijapata moto. Kisha akamgeukia binti yake.

"Angalia kitambaa kama kimekaza," alisema. "Nakwenda kumalizia kuoga."

Mapazia alikwenda kwenye bomba na kukikaza. Nyuma ya ukuta hita ikajiwasha na kijimluzi chake, na maji yakaendelea kumiminika bafuni bila kugeuka. Spana alibaki amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, akingoja aitwe kwa jina, mpaka Mama alipomaliza kuoga, akapita kando yake, akaingia chumbani na kufunga mlango.