Ng'ombe Aliyeitwa Joanitha

Ng'ombe wa mahari hana jina lake mwenyewe. Huvaa jina la binti aliyemleta. Ndivyo ilivyokuwa kwa Anatolia wa Ihanda. Binti yake alipoolewa Kyerwa, wakwe walileta mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani, na wazee wa mazungumzo wakamtaja kwa namna moja tu: ng'ombe wa Joanitha. Haikuchukua muda, maneno mawili ya mwanzo yakadondoka, ng'ombe akawa Joanitha basi. Binti mwenyewe hakupungukiwa kitu, maana nyumbani hakuna aliyewahi kumwita kwa jina hilo la ubatizo. Yeye alikuwa Kokushubila, Koku kwa ufupi. Joanitha alijitokeza tu alipotakiwa na padri, au nesi, au mtu mwingine yeyote mwenye kalamu.

Mwaka huu Koku alirudi kwa mama yake akiwa na mimba kubwa. Mbili zilizotangulia ziliharibika huko Kyerwa, na hii ya tatu Anatolia aliapa kwamba ingezaliwa mbele ya macho yake, mkwe apende asipende. Mkwe alipenda. Ungemwona Anatolia akiwa amekasirika, na wewe ungependa.

Kisha Joanitha, yule wa bandani, akatupa mimba. Anatolia alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Aliporudi alimkuta Koku amepiga magoti kwenye majani ya migomba, mikono mitupu imelowa damu hadi viwiko, na ndama mfu mbele yake.

"Nimemsaidia, mama. Alikuwa anateseka peke yake," Koku alisema.

Anatolia alimnawisha kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alikuwa na hofu. Jirani yake Placida, ambaye habari mbaya humfikia kabla haijatokea, alikuja akasimama mlangoni, akalitazama tumbo la Koku, akatikisa kichwa.

"Waitu, jamani, mwenye mimba kushika kilichotupwa!" alisema, akaenda zake. Ni afadhali angetukana.

Siku hizo watafiti wa mifugo walikuwa wakizunguka vijiji vya Karagwe wakichunguza kwa nini ng'ombe wanatupa mimba. Walipopata habari walifika: daktari wa mifugo aitwaye Egbert, mtu wa Muleba, mpole, mwenye buti za mpira, na nesi, kwa sababu ugonjwa waliokuwa wakiutafuta, brusela, hautofautishi mnyama na mtu.

"Humfanya ng'ombe atupe mimba," Egbert alieleza, "na mwanamke naye anaweza kupoteza mtoto. Unapita kwenye maziwa mabichi, au ukishika uchafu wa uzazi bila kujikinga. Ila una dawa, mama, ukiwahiwa."

Ng'ombe alitolewa damu, akaandikwa kwa namba ya hereni yake. Hakuna aliyemuuliza jina. Ng'ombe gani huulizwa jina? Halafu akatolewa Anatolia, kisha Koku, ambaye alimtajia nesi jina lake la kanisani wakati mama yake yuko bandani akifungua kamba. Egbert aliahidi kupiga simu.

Kungoja kulimmaliza Anatolia. Aliamka na hofu, akala nayo, akaenda nayo kupalilia. Mtoto akicheza tumboni, Koku alicheka. Asipocheza, Anatolia alitafuta sababu ya kupita karibu na kumshika tumbo kama mtu anayepita tu. Alisali. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba kama lazima mmoja augue, basi amchukue ng'ombe, na baka lake jeupe na maziwa yake yote.

Simu ililia akiwa upande wa juu wa shamba, penye mibuni, mahali pekee mtandao unapokamatika.

"Shikamoo mama. Ni Egbert."

"Marahaba, mwanangu. Sema upesi."

"Mama, Joanitha amekutwa na ugonjwa." Sauti ikakwaruza. "Wengine wote wazima... asichelewe... mtandao wenu huu... nitakuja mwenyewe wiki ijayo." Ikakatika.

Wengine wote wazima. Anatolia alipiga magoti pale pale kwenye majani makavu, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka ndege wakaruka. Hakukosea kusikia. Ila Kiswahili hakina huruma kwenye jambo hilo: ng'ombe amekutwa, mtu amekutwa, wote wanavaa herufi ile ile.

Akafanya kila lililotakiwa. Ng'ombe alihamishiwa nyuma ya migomba, akafungwa kamba mbili. Majani ya bandani yakachomwa. Maziwa yakamwagwa shimoni. Anatolia alimlisha huku amevaa mifuko ya nailoni mikononi, na Koku akapigwa marufuku kusogelea hata kivuli chake.

Ndipo Koku akaanza kutokwa na jasho, nguo zikiloa kama zimetoka kufuliwa. Magoti yakamuuma, na mgongo. Homa ilikuja ikaondoka, ikarudi.

"Niende zahanati, mama."

"Juu ya bodaboda, na tumbo hilo, kwenye mashimo yale? Huo ni uzito wa mtoto. Daktari mwenyewe kaniambia wewe ni mzima."

Koku alimwamini. Mtu akikuzaa utamwamini.

Egbert alifika na nesi kama alivyoahidi. Hata kabla ya kukaribishwa alisema, "Pole, mama. Nimepiga simu mara nyingi sikupati. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amekonda. Chakula anakisusa."

"Mmeshampeleka kutibiwa?"

"Nimemtenga kwanza. Yuko kule nyuma, nimemfunga."

Nesi alishika mdomo. "Umemfunga?"

"Kamba mbili. Hiyo moja aliikata, akawa anarudi ndani."

Egbert alimfuata haraka kati ya migomba, karibu akimbie, mpaka wakatokea kwa ng'ombe aliyekuwa akicheua. Alimtazama ng'ombe, akaitazama hereni, kisha akamgeukia Anatolia.

"Mama, huyu ni mzima. Ndama wake alikufa kwa kitu kingine, bado tunakitafuta. Mimi nilikwambia Joanitha."

"Si ndiye huyu!" Anatolia alisema, akinyoosha kidole.

Kidole kilibaki hewani. Mahari, padri, nesi na kalamu yake, vyote vilimjia pamoja.

"Mawe!" alilia kwa lugha ya kwao, kama mtoto anayemwita mama yake, akakimbia.

Koku alikuwa kitandani, amejikunja, midomo imekauka. Alisema polepole, akiogopa kulisikia neno lake mwenyewe, kwamba mtoto hajacheza tangu jana. Anatolia na nesi walimbeba mpaka kwenye gari la watafiti. Njia ya Kayanga anayoijua tangu utoto ilikuwa ndefu isivyo haki siku hiyo. Nesi aliuliza maswali: homa ilianza lini, na maziwa ya huko Kyerwa walikuwa wakichemsha? Hapana, Koku alijibu, kwa wakwe maziwa yaliyochemshwa huhesabiwa yameharibiwa. Ugonjwa ulikuja naye, basi, na pengine ndio uliokula zile mimba mbili.

Hospitalini mkunga alihangaika na kifaa chake juu ya tumbo, akikihamisha huku na huku, na Anatolia alisimama ukutani hapumui. Mwishowe mkunga akasema, "Yupo. Mapigo ni ya chini, lakini yupo." Dawa zikaanzishwa. Daktari alisema zitamezwa wiki nyingi, na kwamba kuhusu mtoto hawezi kuahidi kitu. Kwa siku hizi zilizopotea, hawezi.

Walipobaki wawili, Koku alifumbua macho. Alikuwa ameshasikia kila kitu garini.

"Mama, ulipoambiwa ni Joanitha, ulifanya nini?"

Anatolia angeweza kudanganya. Alimshika binti yake mkono.

"Nilipiga magoti," alisema, "nikamshukuru Mungu."

Koku aliutoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya tumbo, akageukia ukutani.