Petroli Upenuni

Mimi siogopi mtu, lakini maji ya bwawa la Masinga nayaogopa, na sioni haya kusema. Mimi na mume wangu Musau tulizaliwa Kalama, kule vilimani, mahali maji huja nyumbani kwa mgongo wa punda. Kuogelea tungejifunzia wapi? Tulihamia huku karibu na Kithyoko kwa ajili ya shamba, halafu bwana akanunua boti ya kuvusha watu na kuchukua samaki ng'ambo ya bwawa. Nikamwambia, sawa, endesha, lakini mimi humo sipandi. Injini nitakutunzia.

Na nikaitunza kweli. Akirudi tunaibeba sisi wawili mpaka nyumbani, maana ukiiacha ufukweni wezi hawalali. Naisimamisha kwenye pipa la maji safi, naiwasha iteme matope ya bwawa, kisha nachomoa mpira wa mafuta na kuiacha ingurume mpaka ijizime yenyewe, kabureta ikauke. Plagi naifuta. Petroli iliyobaki inarudi kwenye mtungi wake wa njano, kifuniko nakikaza hasa, na mtungi unalala stoo, mbali na jiko. Musau hunicheka, ati injini inapendwa kuliko yeye.

Siku hiyo nilitoka sokoni Kithyoko nikakuta ameshaondoka. Mngurumo wa boti ulisikika kutoka bwawani. Nilipopita kando ya nyumba nikaona mtungi wa petroli umesimama upenuni, umepangwa mstari mmoja na mitungi ya maji, kifuniko kimelegea.

"Nani ametoa huu mtungi stoo?" nikauliza.

Mama mkwe wangu, Mukai, alikuwa akichambua pojo mlangoni. "Ni mimi. Jana jua lilipowaka ulivimba tumbo. Nikaona utapasuka utuchomee nyumba. Nikautoa nje, nikaulegeza kidogo upumue."

"Mwaitu, mama yangu! Upenuni?"

"Si ndiyo mahali mitungi inakaa?"

Kweli, ndipo inapokaa. Kwetu wingu likijikusanya, kila chenye mdomo kinapelekwa chini ya mabati, tone lisipotee. Mama huyu amefanya hivyo tangu akiwa msichana, mikono yake haimuulizi tena. Na jana jioni mvua ilikuwa imenyesha, tena kubwa.

Nilichukua chupa tupu ya soda nikamimina masalio ya mtungi. Yakatulia. Juu petroli, chini maji matupu. Musau alikuwa amejaza tanki la boti kutoka hapo, kwa haraka zake, bila kuangalia. Ufukweni boti ikiwa imetulia, maji hulala chini ya tanki na injini huwaka vizuri tu. Lakini mawimbi yakianza kuitikisa, maji yanapanda kwenye mpira, na hapo kwisha.

"Mwaitu, umemuua mtoto wako!" nikapiga kelele. Nilipiga simu ya Musau, haipatikani. Nikapiga tena. Simu ikaniponyoka, ikaanguka kwenye pojo.

Ndipo mngurumo ule ukakohoa. Ukashika, ukakohoa tena, ukanyamaza.

Nilisimama nikisikiliza. Kimya. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwenye ghuba ya matete, na hakuna asiyejua nani anaishi humo. Kiboko jike alikuwa amezaa, hata wavuvi walikuwa wamehama upande ule. Nikakimbia. Viatu sijui niliviacha wapi.

Mumo, jirani yetu mwenye mtumbwi wa makasia, alikuwa akishona nyavu ufukweni. Nikamweleza huku nahema.

"Kule kwa matete? Mama Ndanu, niko na watoto mimi."

"Basi nipe kasia niende mwenyewe!"

"Wewe? Umewahi hata kupanda?"

Nilikuwa nimeshaingia. Mtumbwi ukayumba, nikashika kingo zake. Mumo akaniangalia, akatema mate, akapanda. "Keti katikati na usifurukute," akasema.

Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka meno yakagongana juani. Maji yalikuwa mekundu kwa matope, huoni kilicho chini. Nilikuwa nikimwita Mungu wangu, Ngai wakwa, Ngai wakwa, kila kasia likiingia.

Tukamwona. Boti ilikuwa imefika karibu kabisa na matete, na Musau ameinama nyuma akivuta kamba ya kuwashia, anavuta, anavuta. Hapo kando yake masikio mawili yakatokeza juu ya maji. Kisha macho. Mumo akaacha kupiga kasia.

"Usivute!" nikanong'ona, kana kwamba atanisikia. Nikampungia mikono yote miwili. Akaniona, akaangalia nilipokuwa naangalia, akaiachilia kamba. Kiboko akazama. Hapo ndipo nilikaribia kufa, kwa sababu hatukujua atatokea wapi. Mapovu yalipita chini ya boti yake, pole pole, yakaenda upande wa pili.

"Sasa!" Mumo akasema, na akatusukuma mpaka mtumbwi ukagusa boti. "Ruka, ndugu!"

Musau hakuruka. Alikuwa amepiga magoti, anafungua skrubu zinazoshika injini.

"Baba Ndanu, wacha hiyo!"

"Imebaki moja tu! Hii ndiyo chakula yetu!"

"Mimi nitazaa na injini? Wacha!"

Bado anazungusha. Jasho linamtoka, vidole vinateleza, na mapovu yanarudi. Nikainuka, mimi niliyeambiwa nisifurukute, nikamshika shati mgongoni kwa mikono miwili, nikajitupa nyuma na uzito wangu wote. Akaanguka juu yangu ndani ya mtumbwi, kichwa chake kikanigonga mdomo. Mumo akapiga makasia kama mwendawazimu.

Nyuma yetu kukawa na kishindo, mbao zikavunjika, maji yakaturukia. Sikugeuka. Injini niliyoifuta kila siku kwa nguo yangu ilikuwa inazama, na sikugeuka hata kidogo. Nilikuwa nimemkumbatia Musau shingoni, nalia, na Mumo ananipigia kelele nimwachilie, kwa sababu namnyonga.