Wimbo wa Kusukia

Mama aliinua chupa yangu ya kwanza, akaimwaga kwenye ndoo ya kudekia. Akachukua ya pili, akaimwaga. Alikuwa bado na viatu vya kazini, mkoba begani, na aliifanya kazi ile bila hasira yoyote, kama mtu anayeondoa vyombo mezani. Alipofika kwenye ile ndogo ya kahawia, iliyowahi kuwa na dawa yake ya kikohozi, aliinusa, akakunja pua, akaimwaga nayo.

"Nimeshinda na chupa kutwa nzima," alimwambia bibi. "Jamani, hata hapa?"

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni nikingoja aseme jambo jingine. Nilikuwa na miaka tisa, na asubuhi ile nilikuwa nimezungumza naye redioni.

Mwaka ule ugonjwa ulifunga shule, tukabaki majumbani kuwasumbua wazee. Mama alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya msingi, somo ambalo walimu wenzake waliliita mapumziko. Redio ilipotafuta mtu wa kuwafundisha watoto waliokwama nyumbani ikamchukua yeye, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatumiwa gari limfuate mlangoni. Kila asubuhi alikuwa hewani. Aliwafundisha watoto kugeuza sufuria kuwa ngoma, kutia punje za mchele ndani ya kopo na kulitikisa, kufumba macho na kutaja kila sauti inayosikika chumbani. Aliwapigisha makofi, akawakanyagisha sakafu, akawaambia wamfundishe na baba, akigoma wamnyime chai. Alicheka nao. Kila mtoto alikuwa "mwanangu", na nchi nzima ikamwita Mama Kengele, kwa ajili ya kengele ndogo aliyoipiga kipindi kikianza.

Nyumbani kengele haikulia. Alirudi jioni sauti imemkauka, akavua viatu, akasema, "Masikio yangu yamefunga duka." Ikawa ndiyo sheria ya nyumba: akisharudi hakuna kuimba, hakuna kugonga kitu, hata chai tuliikoroga taratibu kijiko kisiguse kikombe. Bibi, ambaye sikio lake moja lilishalala zamani, ndiye peke yake aliyesamehewa, kwa vile hakujua kama anapiga kelele. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaanza kuwaonea wivu watoto nisiowajua, wivu mbaya, wa kumwombea mtu mchele wake umwagike.

Kabla ya redio, alikuwa akinisuka kila mwisho wa wiki. Nilikaa chini katikati ya magoti yake naye akavuma wimbo usio na maneno. Ulipanda polepole, ukasita kule juu kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, halafu ukashuka. Pale uliposita ndipo alipokaza nywele, kwa hiyo nilijua mapema ni wapi pataniuma. Sikuwahi kumsikia akimvumia mtu mwingine. Siku moja nilimuuliza ameutoa wapi, akasema hajui, unatoka tu vidoleni. Redio ilipomchukua, kazi ya kunisuka ilimwangukia fundi cherehani, jirani yetu, mama mwema aliyesuka kama anayeshona gunia. Hakuvuma chochote. Nililia kila mara, na kila mtu akadhani ni kwa sababu ya kichwa.

Basi asubuhi moja Mama Kengele akafundisha chupa. Pangeni chupa mezani, alisema, tieni maji, hii zaidi, ile kidogo. Yenye maji mengi inaongea sauti nene, yenye maji machache inaongea sauti nyembamba. Gongeni kwa mwiko. Atakayepata wimbo, apige simu Ijumaa.

Nilijifungia na zile chupa wiki nzima. Nilitia maji kwa kijiko, nikayapunguza kwa kijiko, sikio juu ya meza, na saa ya mama kurudi ilipokaribia nikazificha zote chini ya kitanda cha bibi zikiwa na maji yake. Sauti ya juu kabisa, pale wimbo unaposita, hakuna chupa iliyoweza kuitoa isipokuwa ile ya dawa, na hata yenyewe iliitoa kwa kunung'unika. Niliiacha hivyo hivyo. Nilishaamua kwamba sitataja jina langu. Nilitaka anijue mwenyewe, na sikuona kama namwomba mama kitu kikubwa.

Ijumaa nilitumia simu ya fundi. Alikuja kwetu nayo, baada ya kuacha mteja wake amekaa na nguo nusu, akanishikia simu juu ya chupa.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Ilikuwa sauti yake, ile nzuri, ya asubuhi.

"Kijiko," nilisema.

Nikapiga. Nilipiga wimbo wote, wa kusukia, bila kukosea.

"Kijiko," alisema, "chupa yako ya juu ina mafua."

Amenijua. Amejua hata chupa.

"Na wimbo huo umeutoa wapi?"

"Mama yangu huuvuma akinisuka."

"Basi msalimie sana huyo mama. Mwambie Mama Kengele anasema ana bahati." Akaita simu inayofuata, mtoto mwenye masufuria.

Fundi alizima simu na kuitazama kwa muda. "Pengine hewani haruhusiwi kusema," alinambia. Nikalishika neno hilo kutwa nzima. Sikuzirudisha chupa chini ya kitanda. Nilizipanga mezani, ya dawa mbele, ili akirudi tucheke pamoja.

Alirudi, akazimwaga. Kisha akaketi, akavua kiatu kimoja, na uso wake ukachangamka kidogo.

"Leo kuna mtoto kapiga wimbo mpaka nikataka kulia," alimwambia bibi. "Laiti ningekuwa na mtoto kama yule."

"Eh?" alisema bibi.

Mama akasogea upande wa sikio zima, akarudia kwa sauti. Kwa hiyo neno hilo nililisikia mara mbili.

Wiki iliyofuata kengele iliachwa, kipindi kikawa kinafunguliwa kwa wimbo ule, mama mwenyewe akiugonga kwenye chupa safi za studio. Shule zilipofunguliwa, uwanja mzima uliuvuma. Msichana mmoja wa darasa langu alinisikia nikiuvuma, akanisahihisha: nasita mno pale juu, Mama Kengele hasiti hivyo. Tangu siku ile sikuuvuma tena.

Sasa mimi hupima watu macho. Ni kazi ya chumba kimya, na naipenda kwa hilo. Mwezi uliopita mama alistaafu, redio ikamfanyia sherehe ndogo nyumbani kwake, na mtangazaji kijana, aliyekua akisikiliza kipindi chake, akamuuliza ni mtoto gani hajawahi kumsahau.

"Kijiko," alisema papo hapo. "Nimemtafuta miaka yote. Nilitangaza hata hewani ajitokeze, wapi." Wakapiga makofi. Nilikuwa nikiwamiminia wageni juisi, naye akanishika mkono kwa upendo. "Huyu binti yangu sasa, muziki haujui mlango wake. Hata kuvuma havumi."

Watu walipoondoka nilikaa karibu naye. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka tu aone haya, na pengine nilikuwa bado nimesimama kwenye mlango ule wa jikoni.

"Mama, Kijiko alikuwa mimi."

Alinitazama vizuri, uso kwa uso, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mwaka ule mzima. Halafu akacheka, bila ubaya wowote, akanipigapiga gotini.

"Acha utani, mwanangu," alisema. "Yule mtoto alikuwa na kipaji."

Akavua viatu, akaegemeza kichwa kwenye kiti. Glasi zilikuwa zimetapakaa mezani, nyingine zina juisi nusu, nyingine tone tu. Nikazibeba mojamoja hadi jikoni, nikichunga zisigongane, nikazimwaga.