Ilimba Ndani ya Kinanda

Mji wa Dodoma tulikuwa tumeshauacha nyuma, nami nimekaa juu ya mifuko ya simenti, kinanda kimelala mapajani kama mgonjwa, kimefungwa mablanketi mawili. Kila gari lilipoingia shimoni nilikiinua kwa mikono ili pigo linipate mimi. Abbasi, mwenye gari, alinitaka nikae naye mbele. Nikakataa. Kinanda kisingeenea kule mbele, na kukiacha nyuma peke yake nisingeweza.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa Makutupora nakata zabibu kwa kibarua, Raheli akanipigia simu. Raheli ni binti wa mzee Sostenes wa Mvumi, mpiga ilimba. Kwa asiyeijua, ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba juu yake, unavibonyeza kwa vidole gumba, kila chuma na sauti yake. Ya mzee Sostenes aliachiwa na baba yake, na pamoja nayo aliachiwa mpangilio wa sauti, ambao si wa piano wala wa gitaa. Ni wa nyumba ile tu.

"Baba Bashiri, shikamoo," Raheli alisema. "Ile sauti ya ilimba ya baba uliyoiweka kwenye kinanda chako mwaka ule, bado ipo?"

"Ipo," nikasema.

Nilijibu kabla ya kufikiri. Kinanda kilikuwa na mwaka na nusu hakijawashwa.

Akanieleza. Kwaya yao ilinunua kibodi kipya mwaka jana. Mzee, asije akawa yeye ndiye anayewaharibia, akavisogeza vyuma vyake, hiki mbele, hiki nyuma, mpaka ilimba ikakubaliana na kibodi. Akaimba nao hivyo mwaka mzima. Pasaka ilipopita akataka kurudisha sauti za baba yake, akashindwa. Kibodi kilikuwa kimeshamjaa masikioni.

"Anavuta chuma, anasukuma, anaiweka chini," Raheli alisema. "Halafu anaishika tena. Juzi hakula kabisa. Hakuna mwingine anayezijua zile sauti, baba. Ni kinanda chako tu."

Basi juu ya simenti nikawa nakipima kinanda changu, kina nini na kimekosa nini. Nilikinunua Mwanza mwaka tisini na tano kwa mpigaji wa hotelini. Ni sinthesaiza ya jukwaani, ya Kijapani, ya wakati ule mashine za dijitali zilipoanza kutufikia. Uzuri wake ninaujua. Ukibonyeza taratibu kinasema taratibu, ukikikasirikia kinakasirika. Unapanga sauti nne moja juu ya nyingine, na ukihama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine katikati ya wimbo hakuna anayeshtuka. La maana zaidi, unaweza kuchukua sauti moja moja ukaishusha au ukaipandisha kidogo tu, chini ya upana wa unywele, ukaihifadhi. Ndivyo nilivyofanya Mvumi mwaka tisini na nane. Bendi niliyokuwa naipigia ilitaka ilimba jukwaani, mzee hakutaka kusafiri, nikakaa kwake siku tatu tukinakili chuma kwa chuma.

Ubaya wake ninaujua pia. Ni kizito. Hakina spika. Hakina ngoma za kujipiga. Kioo chake ni mistari miwili, na wenye macho kama yangu siku hizi tunasoma mmoja. Na ndani yake kuna betri moja kama sarafu, ndiyo inayoshika kila ulichokitengeneza mwenyewe. Ikifa, kinanda kinabaki na sauti za kiwandani tu, kama vile hamkuwahi kuonana. Betri ile niliibadilisha Tabora, au Kigoma, sikumbuki, ila ni zamani. Disketi ya akiba ililiwa na ukungu.

Mtu ataniuliza mbona sikukiwasha Makutupora nikajua moja. Umeme kambini kwetu vibarua ulikuwapo. Niliogopa.

Mvumi nilimkuta mzee Sostenes kwenye kigoda kivulini mwa ukuta, ilimba iko mapajani, miguu imejaa vumbi la Agosti.

"Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo chao.

"Mbukwa. We Mrangi, kumbe hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie. Shikamoo."

"Marahaba. Nimechelewa, uniwie radhi."

Alitania, lakini shati lilikuwa linamning'inia kama la mtu mwingine. Raheli akatutoa nje ya utani huo, akatuingiza sebuleni. Obedi, mwalimu wa kwaya yao, alikuwa ameshafika na kibodi chake begani. Akanisaidia kufungua mablanketi, akatazama.

"Mzee wangu, hiki mbona ni cha makumbusho?"

"Hata mimi."

"Changu kina spika zake, kina midundo mia mbili, nabeba kwa mkono mmoja. Nikibonyeza hapa, ngoma inajipiga."

"Na ukiacha kubonyeza?"

"Inaendelea."

"Basi hicho ndicho kinachonikera."

Raheli akacheka kidogo. Nikamwambia Obedi ukweli, kwamba kwa kwaya ya watu arobaini inayoimba leo hapa, kesho Kibakwe, chake ni bora, na mimi ningenunua kama chake. Akalainika. Akasema hakujua kwamba mzee angevisogeza vyuma. Alidhani angepumzika tu nyimbo zile. Nikamwamini.

Tukakiunga kinanda na spika ya kwaya aliyoileta Obedi, ikabaki kuwasha tu.

Kioo kikawaka, kikaandika kwamba betri iko chini. Nikasogeza namba mpaka arobaini na saba. Likatokea jina nililoliandika mwenyewe, MVUMI. Nikabonyeza. Mzee akainua kichwa.

"Ipo," Raheli akasema.

"Tufanye haraka," nikasema. "Umeme ukitetereka sijui itakuwaje."

Ilimba ina vyuma vingi, ila sauti ni tano. Vingine vinazirudia kwa juu na kwa chini. Kwa hiyo ukizipata tano umezipata zote. Mimi nikabonyeza, mzee akapiga chuma chake, akavuta nje kushusha au akagonga ndani kupandisha, mpaka zikawa kitu kimoja. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilisumbua, jasho likamtoka. Nje mashine ya kusaga ya jirani ilipoanza, taa ikafifia, sote tukaganda. Ikarudi.

Nikabonyeza ya nne.

"Hicho sicho," mzee akasema.

Nikabonyeza tena.

"Sicho."

Obedi akasema kwa upole, "Babu, mashine haisahau. Labda ni masikio. Umri."

Raheli akatazama chini. "Labda," mzee akasema, akachukua nyundo yake ndogo, akaanza kukigonga kile chuma ndani kukifuata kinanda.

Nami nilinyamaza. Niandike hivyo hivyo. Nilihesabu mapigo mawili, matatu ya nyundo ile, nikinyamaza, kwa sababu nilishajua. Mwaka ule bendini sauti ya nne ilikuwa inagombana na gitaa. Usiku mmoja huko Morogoro nikaipandisha kidogo, nikahifadhi juu ya ile ya kweli. Hakuna aliyegundua. Watu walicheza. Ningeendelea kunyamaza, mzee angekufa akiamini masikio yake yamekwisha, na baba yake angebaki na sauti yangu.

"Acha kugonga," nikasema. "Masikio yako mazima. Niliibadili mimi."

Nyundo ikasimama. "Lini?"

"Baada ya kuondoka hapa. Gitaa lilikuwa linaikataa."

"Uliipandisha."

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Sikumbuki."

Obedi akatazama kibodi chake kama kimemwita. Raheli akasema, "Baba Bashiri," basi, asiendelee.

"Siku tatu ulikula ugali wangu wa uwele," mzee akasema. "Mlenda ukaomba uongezewe. Ukaondoka na sauti ya baba yangu, ukaikunja ili iingie kwenye gitaa."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeikunja iingie kwenye hicho cha Obedi." Akapangusa uso. "Bonyeza ya tano. Hiyo nayo uliigusa?"

"Hiyo sikuigusa."

"Tutaona."

Nikabonyeza ya tano. Akaisikiliza kwa muda mrefu kuliko zote, nikawa natamani kutoka nje. Mwishoni akavuta chuma chake. Ilikuwa yenyewe. Akavishusha na kuvipandisha vyuma vinavyozirudia sauti nne zilizopatikana, na alipofika cha mwisho umeme ukakatika. Kioo kikazima. Ulipotea kama robo saa, ukarudi kwa kishindo, redio ya jirani ikapiga kelele. Nikawasha. Namba arobaini na saba iliandika jina la Kijapani, sauti ya tarumbeta.

"Imekwenda," nikasema.

Mzee alikuwa ameshaanza kupiga na vyuma vilivyorudi, wimbo wa kuswaga ng'ombe, na kila alipofika pa sauti ya nne kidole kiliruka chuma, akajaza kwa koo lake. Akarudia. Akarudia. Koo lilikuwa linakwenda mahali pale pale kila mara, chini kidogo ya nilipopaharibu mimi. Akakivuta chuma kwa ukucha, akapiga, akaimba. Akakivuta tena. Raheli alikuwa ameshika mwimo wa mlango.

"Hapo?" akauliza.

"Sijui," mzee akasema. "Karibu. Leteni uji."

Mzee Sostenes alipiga ilimba miezi kumi na minne mingine, kanisani na kwenye arusi mbili, akafariki kwa kifua. Alikuwa na miaka themanini na mbili. Raheli anayo ilimba, imening'inizwa chumbani kwake, na hakuna anayeruhusiwa kugusa vyuma. Obedi alihamishiwa Kibakwe, anafundisha shule ya msingi na kwaya; kibodi kilibaki Mvumi kwa sababu ni mali ya kanisa. Abbasi aliuza gari, sasa anafuga kuku. Mimi nilibadilisha betri mjini, nikakiuza kinanda kwa bendi moja ya Singida, na wanasema kinafanya kazi vizuri. Sasa niko Manyoni. Ile sauti ya nne hakuna aliye hai wa kuthibitisha kama ilirudi ilipokuwa.