Ramani ya Julai

Jumamosi ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, Sirkku alifika kwa mjomba wake Eemeli huko Savo akiwa na kisu mkononi na hamu kubwa ya sauna. Kazi ya kwanza ya mgeni hapo ni kukata matawi ya koivu, ule mti wa gome jeupe, na kufunga kifagio cha kujipigia mgongoni kwenye joto. Akashika njia ya kilimani, nyuma ya zizi.

"Unakwenda wapi huko?" mjomba akamuuliza kutoka barazani.

"Kukata vifagio."

"Kwenye miti ya haapa? Tangu enzi za babu yako hakuna aliyewahi kutoa kifagio kilimani pale. Koivu ziko ziwani, mwanangu. Huko mjini wamekufanya nini?"

Sirkku alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Kilima kile alikuwa amekitazama majira yote ya baridi kwenye kompyuta, katika picha za setilaiti, maana yeye ndiye aliyechora ramani ya miti ya wilaya nzima. Na kwenye ramani hiyo kilima kilikuwa koivu tupu.

Alipanda mpaka juu. Zilikuwa haapa kweli, nene, za kijivu, majani yakitetemeka ingawa upepo ulikuwa umelala. Shinani mwa mti mmoja alikuta vinyesi vya manjano, vidogo kama punje za mchele, vya kindi wale wanaoruka na kuzaa kwenye matundu ya haapa. Sheria inakataza kukata mti wanamozaa, lakini dereva wa mashine ya kukatia hufuata ramani, na penye koivu huingia. Jumatatu saa nne asubuhi ramani ingekabidhiwa wakataji.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Si mlisema mnaona kila kitu kutoka angani?"

Kosa alilijua, na lilimuuma. Mwezi Julai koivu na haapa zote ni kijani, ukizitazama kutoka juu huwezi kuzitofautisha. Picha za Mei ndizo zingezitenga, kwa sababu koivu hutangulia kuvaa majani na haapa hubaki uchi siku kadhaa. Lakini za Mei ya mwaka uliopita zilijaa mawingu, na kuyasafisha kulitaka wiki nzima. Yeye akachukua za Julai, safi kama sahani. Ulikuwa uvivu, wala hakutafuta jina jingine la kuuita.

Akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni. Wiki nzima hakuwa nayo, basi akaamua kusafisha picha za Mei za yale maeneo aliyoyaita koivu tu. Mjomba alimwekea viazi vipya na samaki wa chumvi, akanuna kidogo.

"Juhannus bila sauna. Hata mkwe nisiyempenda sijamfanyia hivyo."

"Washa moto kesho, mjomba. Leo nisaidie. Majirani zako wanakata vifagio wapi?"

Eemeli akashika simu, na kununa kukaisha hapo hapo. Jioni hiyo na Jumapili nzima aliwapigia watu wa vijiji vinane, akiuliza swali lile lile: ni kilima gani ambako hakuna mtu anayekata vifagio? Walimcheka. Mmoja alimuuliza kama ameanza kuvifanyia biashara. Lakini wote walijibu, na kila walipotaja kilima, Sirkku alitazama picha ya Mei akakuta miti iko uchi. Vilima kumi na saba. Vyote alikuwa ameviita koivu.

Jumatatu saa tatu alisimama mbele ya Tarmo, mkuu wa ofisi.

"Sirkku, ramani imeshapitishwa. Unaniletea nyingine?"

"Ile ina makosa. Ukiikabidhi, nitawaandikia wakataji mwenyewe kwamba ina makosa."

Tarmo alimkodolea macho. "Makosa ya nani?"

"Yangu."

Tarmo akaivuta ramani mpya, akafuata kwa kidole madoa mekundu ya vilima vya haapa, moja moja, bila haraka. Kwenye la kumi na mbili akasita.

"Hili la kando ya barabara si lilikatwa mwezi Machi?"

"Lilikatwa. Walitumia rasimu yangu."

"Basi lifute. Mengine nayapitisha. Hapo hakuna tena cha kulinda, na wewe utajiweka pabaya bure."

Sirkku alitaka kulifuta. Alitaka sana.

"Libaki," akasema. "Palikuwa na haapa. Kama kuna atakayeuliza zimekwenda wapi, namba yangu ya simu iko pale chini."

Tarmo akatia sahihi bila kumtazama.

Jioni hiyo Sirkku alisimamisha gari kando ya barabara, akaingia kati ya visiki. Mizizi ilikuwa imeshachipua. Vichipukizi vya haapa vilimfika magotini, mamia kwa mamia, majani yakitetemeka. Kindi wangeweza kupata makao humo baada ya miaka sitini, naye wakati huo hangekuwepo. Akatoa kamba ya kupimia, akaanza kutembea akipima mipaka, ili vichipukizi hivyo viingie kwenye ramani ijayo.